Isale la Mektrida

Asubuhi ile mke wangu Mektrida alimenya ndizi, akazibandika jikoni, akavaa mabuti yake ya mvua. Kisha akaenda mpakani mwa shamba letu, akakata jani la isale, akaliweka kando ya kikombe changu cha chai.

"La nini?"

"La Thadeus. Ulimtukana mbele ya watu. Nenda kamwombe msamaha."

"Yeye alisogeza mpaka."

"Miaka sita hamsemeshani, Baba Denis! Hata kuku wetu wanaenda kwake kusalimia."

Nilivuta kikombe tu. Kwetu Old Moshi, aliyekosa hupeleka isale, na aliyepelekewa hawezi kukataa. Ndiyo maana sikutaka kulishika.

Mektrida alijitolea kwenye kikundi cha wakulima kinachosaidiwa na shirika dogo la mjini. Alianza mwaka ule udongo ulipoporomoka ukafukia nyumba ya Redempta kule chini, pamoja na kahawa yake yote. Redempta alitoka hai, bila hata sufuria. Mektrida alimpelekea migomba ya kupanda, akampa na mbuzi wetu jike bila kuniuliza. Halafu akapita nyumba kwa nyumba akiomba watu wachimbe mtaro wa kukinga maji, wapande majani ya mabingobingo kingoni. Walimcheka. Akaanza kuchimba kwetu, peke yake. Baada ya miezi miwili walikuwa nyumba kumi na tisa.

Mtaro ukafika mpakani, ukakwama. Thadeus alisema kwake haupiti hadi nimwendee. Masika ilikuwa karibu, na Redempta alishajenga tena palepale.

Saa tano, siku ile ile ya isale, Mektrida alianguka na jembe mkononi. Presha. Tulimfikisha hospitali akiwa hai. Jioni akafariki.

Baada ya mazishi nikaliona isale, bado liko mezani. Halinyauki upesi. Nikalichukua, nikapiga hodi kwa Thadeus. Alilipokea kwa mikono miwili, akalia kabla yangu.

"Umechelewa, mzee," alisema. "Ngoja nivae viatu."

Tulichimba siku nne, wazee wawili, kupumzika kukizidi kuchimba. Mvua ikaja. Maji yakafuata mtaro hadi korongoni, na Redempta akalala kwake.

Thadeus aliniuliza mke wangu alisemaje asubuhi ile alipotoka. Nikamwambia. Mektrida alikuwa langoni, jembe begani, hata hakugeuka:

"Baba Denis, ukimaliza kununa, njoo na sururu. Pale mpakani kuna mawe."