Trekta ya Maman Eulalie

Mama yangu, Maman Eulalie, alilima kwa jembe miaka arobaini bila kuomba ushauri wa mtu. Siku alipoambiwa achague trekta, aliuliza watu kuanzia Mudaka hadi Bukavu mjini, na kila alipouliza alirudi akili imemvurugika zaidi. Mimi ni Rosette, binti yake wa kwanza, mshona nguo wa mtaa wa Kasha, mjini. Niseme ukweli tangu mwanzo: miezi ile mitatu alinichosha, na mara mbili nilimfokea, jambo ambalo mtoto aliyelelewa vizuri hafanyi.

Mama anakaa Mudaka, kwenye nyumba ya matofali katikati ya migomba. Chini ya migomba kuna shamba la maharage linaloteremka taratibu hadi bondeni. Shamba hilo lilipatikana kwa jasho la marehemu baba, Pascal, aliyekwenda Shabunda kuchimba dhahabu na kurudi baada ya miaka minne na ng'ombe wawili na kikohozi. Ng'ombe walikwenda kwa wenye ardhi ili tupewe shamba. Kikohozi kilibaki naye mpaka kikamuua.

Baada ya matanga, familia ya baba ilikaa kikao. Mama alizaa wasichana wawili tu, mimi na Fanny, na kwa hiyo mdogo wake baba, Delphin, aliona shamba ni lake. Walibishana kutwa nzima. Mwishowe wakakubaliana hivi: Eulalie atabaki na shamba maadamu analilima yeye. Msimu ukipita shamba limelala, Delphin alichukue. Mama alikubali huku anacheka, kwa sababu wakati ule hakuna mtu Mudaka nzima aliyeweza kumshinda kwa jembe.

Halafu goti la kushoto likamharibikia. Msimu uliofuata alilima nusu tu, nusu nyingine ikaota majani. Vibarua wa kilimani walikataa kuja. Hawakuwa na ubaya na mama, ila walimwogopa Delphin. Yeye alikuwa akipita pale njiani kila asubuhi, anasimama, anayatazama yale majani, anaendelea na safari yake.

Fanny yuko Ubelgiji. Alipopata habari alipiga simu, nami nikaweka sauti juu ili mama asikie.

"Mama, goti yako imechoka. Chagua trekta kadogo, miye ntalipa. Lakini uchague weye mwenyewe, weye njo utaitumikisha."

Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Fanny alituma video kumi na moja za trekta ndogo za huko aliko. Katika karibu zote kulikuwa na mzungu mmoja amekaa juu ya trekta, anakata majani mbele ya nyumba yake, anazunguka, anazunguka tena. Mama alizitazama zote bila kupepesa.

"Banakata majani yote hii," akasema, "alafu ng'ombe iko wapi?"

"Hakuna ng'ombe, mama."

"Sasa banakatia nani?"

Jumanne iliyofuata tulikwenda mtaa wa Essence, mjini, kwa Papa Aganze, anayeuza mashine za shamba. Alikuwa na tatu. Ya kwanza ilikuwa na matairi mawili na mikono mirefu, unatembea nyuma yake kama unayemsukuma mbuzi mkaidi. Ya pili ilikuwa trekta nyekundu, matairi yake ya nyuma yakinifika kifuani. Ya tatu ilikuwa ndogo, imefunikwa turubai huko nyuma, na Papa Aganze hakutaka hata kuifunua.

"Ile muiache, Maman. Inakaa tu pale tangu mwaka jana, hakuna mutu anaiuliza. Chukua nyekundu. Iko na chevaux trente-cinq."

Mama hajawahi kumwona farasi maishani mwake. Aliwaza farasi thelathini na tano ndani ya shamba lake la maharage.

"Na kama ninataka ine tu?" akauliza, akionyesha vidole vinne.

Papa Aganze alicheka mpaka akashika meza. Mimi niliona aibu. Sasa nikikumbuka naona swali lilikuwa la haki kabisa, maana hakuna aliyemweleza farasi mmoja analima kiasi gani.

Kuanzia siku hiyo mama akawa anauliza kila mtu. Mume wangu Jacques, fundi wa pikipiki, alimwambia asihangaike na rangi wala ukubwa, achukue ile ambayo vipuri vyake vinapatikana sokoni Kadutu. Abbé wa parokia alisema achukue yenye nguvu, imfae pia kubeba mihogo na samadi. Agronome mmoja, bwana shamba, aliyekuwa akipita na pikipiki yake alisimama, akatazama kilima chetu, akatikisa kichwa.

"Maman, huku kunateremuka. Trekta ikuwe chini-chini, matairi yote ine ivute, na ikuwe na arceau, chuma ya kukingia, hapa juu ya kichwa. Ikipinduka isikufinye."

Mama hakujua kwamba trekta inaweza kupinduka. Wiki nzima hakutaka kusikia habari ya trekta. Wiki iliyofuata alichukua kamba ya katani, akapima njia ipitayo kati ya migomba hadi shambani, akafunga fundo. Akaenda kwa Papa Aganze, akapima upana wa nyekundu, akafunga fundo la pili. Akapima ya matairi mawili, fundo la tatu. Alipofika nyumbani kwangu Kasha alikaa kwenye kiti, akaikunjua ile kamba mapajani, akaitazama muda mrefu.

"Rosette, hii fundo ni ya njia ao ni ya nyekundu?"

Ndipo nilipomfokea mara ya kwanza. Nikamwambia achague tu, mvua ya Septemba haitamngojea. Akaniangalia kwa unyonge ambao sikuuzoea kwake.

"Nichague nini, mwana wangu? Kila mutu iko na haki."

Iliniuma. Mama yangu huyu ndiye aliyenilea nikijua kwamba maharage yakikataa huku unayahamishia kule, bila mkutano wala kamati. Sasa alikuwa amekaa mbele yangu na kamba yenye mafundo, hajui lolote kati ya hayo aliyoambiwa lina uhusiano gani na maisha yake.

Mtu mmoja tu hakuwa na wasiwasi hata chembe, naye ni baba mdogo Delphin. Alikuja nyumbani bila kuitwa, mara tatu. "Nyekundu, Maman Rosette. Paka nyekundu, nyekundu tu. Usisikilize babengine." Mama alifurahi. Alidhani shemeji yake amelainika moyo. Nami, pamoja na ujanja wangu wote wa mjini, nilidhani hivyo hivyo.

Mwishoni mwa Agosti mvua ya kwanza ililowesha udongo, na Papa Aganze akakubali kuleta ile nyekundu kwa lori ili ijaribiwe shambani. Ilikuwa Jumamosi, watu wametoka salongo, ile kazi ya umma, bado wana majembe na makoleo begani, na kilima kizima kikaja kutazama. Trekta ilishushwa. Mama alijaribu kupanda, akakanyaga embrayage, yaani klachi, kwa mguu wa kushoto, akapiga kelele ya maumivu, akashuka. Kabla Papa Aganze hajasema kitu, Delphin alikwishavua koti.

"Muniachie. Miye nilikuwa chauffeur wa camion Kavumu, niliendesha malori."

Akapanda. Akalima mistari mitatu mirefu, imenyooka, kuanzia migomba hadi bondeni, katika ile nusu iliyoota majani. Watu walipiga makofi. Mama naye alipiga makofi! Alikuwa na furaha kama ya arusi. Aliingia ndani, akatoa kiti, akamtolea Delphin chupa nzima ya kasiksi, pombe yake mwenyewe ya ndizi, na kumshukuru mbele ya wote. Delphin alikunywa taratibu, miguu ameinyoosha, akitazama shamba.

Hapa nieleze jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Kwetu kilimani, shamba likigombaniwa, mkuu wa kijiji haanzi na karatasi. Anauliza waliokuwa njiani: msimu huu mlimwona nani akilifungua? Aliyeonekana akipasua udongo wa kwanza, akapewa kinywaji hapo hapo shambani, ndiye atakayetajwa. Mama anaijua desturi hiyo tangu hajaota meno ya ukubwani. Lakini kwake kufungua shamba ni jembe. Wazo kwamba injini nayo inafungua shamba halikuwa limemwingia kichwani, wala mimi halikuniingia.

Jumatatu mkuu wa kijiji, Papa Évariste, alikuja. Alikataa kukaa.

"Maman Eulalie, batu banasema Delphin amefungua shamba, na weye mwenyewe ulimupa kasiksi."

"Ilikuwa kujaribu, Chef! Ilikuwa paka kujaribu mashini!"

"Miye ninakuelewa. Lakini batu beko wengi baliona." Alijikuna shingo, ni mtu mwema, hakuipenda kazi ile. "Mistari tatu haiko shamba nzima. Siku ya kwanza ya kulima ntakuya, nisimame pale njiani. Ule nitaona analima, njo mwenye shamba. Sitarudilia tena kuuliza."

Alipoondoka mama alikaa kwenye kizingiti. Mimi nililia kwa hasira, nikamtukana Delphin matusi ambayo sitayaandika hapa. Mama hakulia. Alisema kama anayejiuliza mwenyewe: "Nimeuliza batu bote trekta gani. Sikuuliza hata mumoja nani atakaa juu yake."

Asubuhi yake tulikuwa Essence kabla duka halijafunguliwa. Safari hii hakuuliza farasi, wala vipuri, wala mteremko. Alimwambia Papa Aganze anataka kukaa. Akakaa kwenye nyekundu, akakanyaga, goti likakataa. Akashika mikono ya ile ya matairi mawili, akatembea hatua sita, goti likakataa. Kisha akanyoosha kidole kwenye turubai.

"Fungua ile."

"Maman, ile ni ya kukatia majani ya bazungu. Chevaux vingt tu."

"Fungua, tafazali."

Ilikuwa ndogo, ya kijani, na vumbi la mwaka mzima. Ilikuwa na arceau nyuma ya kiti, na matairi yote manne yanavuta. Hilo tulilitambua baadaye; hatukuichagua kwa sababu hiyo. Mama alipanda, akatafuta pedali ya kushoto kwa mguu, hakuipata. Papa Aganze akaeleza kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwamba hii haina embrayage ya kukanyaga. Ukisukuma mguu wa kuume mbele inakwenda, ukiuachia inasimama. Mguu wa kushoto hauna kazi.

"Hauna kazi hata kidogo?"

"Hata kidogo, Maman. Unaukalisha tu."

Mama aliuweka mguu wake mbovu pale pembeni na kufumba macho. Nilidhani anasali. "Muniandikie hii, na jembe yake ya nyuma," akasema. Jacques aliposikia alishika kichwa, maana vipuri vyake Kadutu havijulikani hata kwa jina.

Papa Aganze alimfundisha siku nne, kwenye uwanja wa mpira wa shule. Sikumwona mwanafunzi mbaya kuliko yule. Alichanganya jembe kupanda na jembe kushuka, aliangusha goli moja la miti, na kila alipotaka kusimama alipiga kelele "Simama!" kama vile trekta ina masikio. Siku ya nne jioni bado aliuliza kile kishikio cha manjano ni cha nini. Nilimfokea mara ya pili. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu hutokea mdomoni.

Siku ya kwanza ya kulima, Papa Évariste alikuwa njiani saa kumi na mbili na nusu, na wanawake waendao sokoni wakasimama naye. Delphin alifika na jembe jipya begani, akaketi kwenye mpaka. Mama akateremka kati ya migomba juu ya ile trekta ya kijani, kitenge amekifunga kiunoni kwa mafundo mawili, rozari shingoni, akashusha jembe, akaanza.

Mstari wa kwanza ulikwenda kombo mpaka watu wakacheka. Wa pili ulikata wa kwanza. Wa tatu ukanyooka kidogo. Saa tatu Papa Évariste alimwambia Delphin kwa sauti ya kusikika, "Nimeona. Inatosha. Ni shamba ya Eulalie." Akaenda zake. Wanawake wakapiga vigelegele, wakaondoka na vikapu vyao. Nilimpungia mama mkono, nikamwita aje anywe chai.

Hakusimama. Alifika mwisho, akageuza, akarudi. Saa nne. Saa sita. Jua likawa kali, mafuta yakaanza kunitia wasiwasi. Delphin bado alikuwa amekaa pale mpakani. Nikajua kilichotokea: mama amesahau jinsi ya kuisimamisha! Nikakimbia pembeni ya matairi, ninapiga makelele, "Mama, uachie mguu! Uachie tu mguu wa kuume!" Yeye anatazama mbele, midomo ameikaza. Alilima nusu ile iliyoota majani, akaimaliza, akaingia katika nusu nyingine.

Saa tisa Delphin alisimama, akajifuta vumbi, akaweka jembe lake begani na kupanda njia ya kwenda kwake. Mama alimfuata kwa macho hadi alipopotea nyuma ya migomba. Ndipo trekta ikasimama, taratibu, bila mshtuko wowote.

Nilimshusha nimemkumbatia. Nikamwambia, "Mama, siku ine zote kumbe haukujua kusimamisha?"

"Nilijua," akasema. "Niliogopa nikishuka, atapanda."