Mteja wa Mwisho wa Mama Povu

Walimwita Mama Povu, na jina likamganda. Kiwanda cha mashine za kufulia kilikuwa kimemweka katika duka la vyombo vya umeme, awaonyeshe wateja mashine zake zinavyofua. Mdomo alikuwa nao. Aliwavua watu makoti yenye madoa pale pale dukani, akayafua, akawarudishia huku akiwatania kwamba wake zao hawatawatambua. Nyumbani kwake mwenyewe alifua kwa mikono.

Kisha simu zikaingilia kati. Watu waliendelea kuja, wakauliza maswali yote, wakaaga kwa adabu, wakaenda kuagiza mtandaoni kwa bei nafuu. Kiwanda kikaanza kupunguza wafanyakazi. Meneja wa mauzo hakumficha kitu: mwezi ukiisha bila duka lile kuuza hata mashine moja, naye kazi hana.

Siku ya mwisho ya mwezi, hata mashine moja ikiwa bado haijauzwa, akaja mzee mmoja mjane, ambaye alikuwa amekuja mara kadhaa bila kununua. Meneja alikuwa amesimama kando ya kaunta. Mama Povu alimweleza mzee kazi ya kila kitufe, akamfulia shuka alilokuja nalo, akamchekesha mpaka akajifuta machozi.

"Haya binti, umenimaliza," mzee akasema. "Naichukua hii hii."

Mama Povu akashusha pumzi. Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa simu.

"Mjukuu wangu kaniwekea humu lile duka la mtandaoni, bei yao nafuu, ila macho yangu haya! Hebu nisaidie kubonyeza."

Mama Povu alimtazama meneja, meneja akatazama dari. Angeweza kusingizia kwamba hajui. Lakini mzee alikuwa amemwamini, na roho ilimkataza. Akajaza anwani, akabonyeza. Ilimuuma sana.

"Ubarikiwe, mwanangu. Ikinishinda nitakuja hapa hapa unielekeze."

"Karibu, baba," alisema, akijua hatakuwepo.

Kiwanda kilimpa kiinua mgongo kidogo na punguzo la bei ya mashine, kwa sharti moja: ainunue mtandaoni. Mumewe aliposikia alicheka mpaka akakohoa, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Sasa, mama watoto, tuagize?"

"Agiza tu," alisema, akikamua shati kwenye beseni. "Ila kesho usinitafute asubuhi. Nakwenda kwa yule mzee. Mashine yake itakuwa imeshafika, na dukani hatanikuta."