Viazi Kumi na Viwili vya Chikanda

Mama yangu alikubali kwenda kulala mlimani kwa sharti moja, kwamba tubebe mahema mawili. Mama mkwe halali chini ya turubai moja na mkwe wake, alisema, hata likitundikwa pazia katikati. Mume wangu, ambaye wazazi wake walihamia Ufipa na ng'ombe wao kutoka Usukumani, alilipokea sharti hilo kwa uso wa huzuni, kisha akaenda kuazima hema la pili siku hiyo hiyo. Jumamosi asubuhi tukatoka Kizwite, tukampitia mama kwake Mollo, tukaanza kupanda milima ya Mbizi: sisi wawili, mama, na binti yetu wa miaka minane ndani ya gambuti zilizompwaya.

Safari ilikuwa wazo langu. Mimi nafundisha biolojia, na mvua zinapokaribia kwisha nyasi za juu hujaa okidi, maua ya porini. Nilitaka mwanangu azione zikiwa zimesimama ardhini, si kitabuni. Kufikia saa sita tulikuwa tumejaza kurasa tatu za daftari: za zambarau, za njano zenye madoa, na moja ya kijani ambayo mtoto ndiye aliyeiona. Msituni tulikuta mbega wekundu. Mmoja alikojoa kutoka juu, nusura amlowanishe mume wangu, na mama akacheka mpaka akakaa chini.

Njiani wachungaji wawili walitusalimia, wakatazama mizigo yetu, wakatazama mtoto.

"Msimwachie huyu aende mbali," mmoja alisema. "Fisi walikamata ndama juzi."

Tulipiga kambi juu, mbali kiasi na mahali ambapo uwanda wetu unakatika ghafla na kuporomoka kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Mume wangu aliupima umbali kwa hatua mara mbili. Akamwambia binti yake asiusogelee ukingo ule bila mtu mzima, naye akaitikia kwa heshima. Ni mtoto anayefanya anachoambiwa. Nilikuwa najivunia hilo.

Baada ya chakula mama alimchukua "kutembea kidogo". Walirudi saa tisa, wana furaha yao. Mama akafungua kitenge chake, na ndani mlikuwa na viazi kumi na viwili vya chikanda, bado vina udongo.

Kwa asiyetoka kwetu, chikanda ni viazi vidogo vya okidi zile zile. Hukaushwa, hutwangwa, hupikwa na karanga na magadi mpaka vikashikana, na kukatwa vipande kama nyama. Nimelelewa navyo. Lakini siku hizi watu wanachimba kwa magunia, na pale nilipokuwa nikicheza nikiwa mdogo hakuna tena ua hata moja. Damu ilinipanda.

Sasa, kumfokea mama yangu siwezi. Kwetu mzazi hafokewi. Unamfokea mtoto aliye karibu naye, kwa sauti ya kumfikia mwenyewe, na mwenyewe anajua kwamba yake yamefika. Shangazi zangu wote walikuwa hodari wa jambo hilo. Mimi nimewapita.

"Nani alikuambia maua ni ya kung'oa?" nilimwambia binti yangu, jicho likiwa kwa mama. "Kutwa nzima nafundisha watu, halafu wananiharibia. Nataka kila kimoja kirudi kilikotoka. Vyote kumi na viwili, unanisikia?"

"Ndiyo, Mama," alisema.

Mama alibana midomo, akachukua panga, akaenda msituni kutafuta kuni. Nikajua yamefika. Niliingia hemani na daftari langu, nimejaa hasira, na niseme ukweli, nina raha kidogo ya kushinda.

Ukungu ulipanda kutoka bondeni kama saa kumi na moja. Nilipotoka nje sikuliona hema la pili, na lilikuwa hatua kumi tu kutoka letu. Mume wangu alikuwa amechuchumaa anapuliza moto.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si alienda na mama kuokota kuni?"

Mama akatokea kwenye ukungu na mzigo wake kichwani. Alikuwa peke yake.

Nilitazama juu ya jiwe tulipokuwa tumekiweka kitenge chenye viazi. Hakikuwepo.

"Ameenda kuvirudisha," nilisema.

Mume wangu aliondoka mbio. Mama alitupa kuni chini akamdaka mkono, yeye ambaye kwa miaka kumi hajawahi hata kumpa mkono mkwe wake.

"Wewe baki, baba. Piga sufuria, usiache. Ukiondoka na wewe tutapotea wote. Mashimo nayajua mimi."

Mama huwa haachi shimo wazi. Akishachimba hurudisha udongo na kuukanyaga kwa kisigino, ng'ombe asije akavunjika mguu. Alisema alianzia kwenye jiwe lililopasuka, na kweli akalifikia bila kukosea. Akapiga magoti, akapapasa nyasi. Alama ya katambuga yake ya tairi ilikuwa imevurugwa, na juu yake palikuwa na kisigino kidogo cha gambuti. Mtoto alikuwa amefukua, amerudisha kiazi, amekanyaga kama alivyofundishwa.

"Kimoja," mama alisema, akainuka.

Nilimwita mwanangu mpaka koo likauma. Hakuna aliyejibu. Nyuma yetu sufuria ililia bila kupumzika, na kila tulipoongeza shimo sauti yake ilipungua. Vitatu. Vinne. Mama alikuwa akisimama, anawaza, anageuka, nami namfuata nyuma, mimi mwenye daftari, sina ninachojua. Kati ya cha sita na cha saba palikuwa na kinyesi cheupe cha fisi. Mama alisimama mbele yake ili nisikione. Nilikiona.

Baada ya cha tisa nilihisi upepo ukinipiga kutoka chini.

"Mama, ulichimba mpaka wapi?"

Hakunigeukia. "Cha mwisho nilikichimba ukingoni. Yeye nilimwambia akae nyuma."

Kumi. Cha kumi na moja tulikifikia tukitambaa. Niliacha kupiga kelele, kwa hofu kwamba atashtuka apige hatua isiyofaa. Nikasema kwa sauti ya kila siku, ile ya kumwita aje kula, "Njoo kwa Mama."

"Siwezi. Bado kimoja."

Alikuwa karibu sana, kushoto kwetu, ameketi kwenye nyasi na kitenge mapajani, amelowa, analia bila sauti. Nilimvuta kwangu kwa nguvu mpaka akalalamika.

"Mahali pa hiki sipaoni," alisema. "Nimetafuta sana. Usinigombeze."

"Sikuwa nakusema wewe," nilimwambia. "Nilikuwa namsema Bibi."

"Lakini uliniambia mimi."

Mama alikuwa pembeni yangu, amesikia yote. Tulimshika mtoto mikono yote miwili, tukaifuata sufuria mpaka kambini. Mume wangu alipomwona, aliendelea kupiga kwa muda, kisha mwiko ukamdondoka.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeondoka, na ziwa lilionekana mbali chini kabisa. Wakati baba na mtoto wanakunja mahema, nilimwomba mama anipeleke kwenye shimo la kumi na mbili. Lilikuwa shubiri mbili kutoka mwisho wa ardhi. Alama ya katambuga ilikuwapo, haijaguswa. Na upande wa pili wa alama hiyo, kati yake na hewa tupu, palikuwa na nyayo mbili ndogo za gambuti, zimesimama sambamba, visigino vikielekea bondeni. Mwanangu alikuwa ameupa ukingo mgongo, anatafuta.

Nililala kifudifudi. Mama alinishika vifundo vya miguu. Nilifukua kwa vidole, nikakitia kiazi, nikaukandamiza udongo kwa ngumi, kwa sababu kusimama pale nisingethubutu. Na nikiwa bado nimelala hivyo, uso ukitazama bonde, nikasema kile ambacho sijawahi kumwambia mama yangu bila kumpitishia mtoto.

"Mama, haya maua yanakwisha. Nakuomba usichimbe tena."

Mikono yake haikuniachia.

"Ungeniambia jana," alisema.