Bakuli la Kioo na Panchi ya Epo

Wageni walikuwa wafanyakazi wenzake na mume wangu, watu wa Upanga wanaozungumza kana kwamba wameshuka kwenye ndege jana. Niliona soda haiwatoshi. Kwenye simu nikapata kinywaji cha wageni wa maana, panchi ya epo na ramu, ile pombe kali ya miwa. Nikaenda Kariakoo, nikayapita maembe na mananasi yaliyonilea, nikanunua epo za Njombe, ndogo na chachu.

Kikwazo kilikuwa mama mkwe, mlokole kamili, aliyekuja kututembelea kutoka Moshi. Alinimenyea epo huku akiuliza ninapika nini. Nikamwambia juisi. Nilichemsha tangawizi, mdalasini na karafuu, nikakamua ndimu, na alipoenda kubadili nguo nikaitoa ramu nyuma ya ndoo ya unga, nikamimina kwa mkono wa mtu anayetafuta sifa.

Bakuli kubwa la kioo niliazima kwa jirani wa mlango wa pili, Mwarabu, shoga yangu wa miaka mingi. Ndilo analoandalia juisi ya kufuturu. Na yeye nilimwambia ni la juisi.

Wageni walinusa, wakasema wameacha sukari, wakaomba bia. Mmoja aliipiga picha glasi yake, kisha akaificha nyuma ya pazia. Mama mkwe peke yake alikunywa tatu, akaanzisha pambio mbele ya bosi wa mume wangu. Nilikimbilia jikoni, nikacheka hadi machozi.

Tuliporudi kutoka kuwasindikiza wageni, bakuli halikuwapo mezani.

"Nimemrudishia mwenzio," alisema mama mkwe. "Juisi ilibaki nusu, nikamwachia humo humo. Si ulinifundisha kwamba hapa chombo cha jirani hakirudi kitupu?"

Kweli nilimfundisha. Wiki ile ile alikuwa amerudisha sahani ya jirani ikiwa tupu, nikamcheka kwamba huko kwao hawana ustaarabu.

Nilitoka pekupeku. Jirani alikuwa amesimama jikoni kwake, glasi mkononi, imepungua kidogo. Watoto wake walikuwa wamejipanga na vikombe vyao.

"Tamu, shoga," alisema. "Umeweka nini?"

Neno tangawizi lilikuwa tayari mdomoni. Nikawatazama wale watoto, nikashindwa.

"Kuna ramu."

Hakugomba, na ningefurahi angegomba. Aliimwaga yote kwenye sinki, akaingia bafuni, nikamsikia akisukutua kinywa muda mrefu. Aliporudi alinipa bakuli.

"Hili baki nalo."

Mama mkwe sijamwambia mpaka leo. Bado anawasifia watu wa kanisani kwake juisi yangu.

Idi iliyofuata jirani alituletea pilau kama kawaida, ya moto na nyama nyingi, ila safari hii ilikuwa kwenye kontena la plastiki la kutupa. Nililiosha, nikalikausha, nikasimama nalo mlangoni kama mjinga. Hakuna aliyekuwa akilisubiri.