Wilhelmina na Wembe wa Jumamosi

Ijumaa, saa mbili asubuhi. Katika chumba kidogo cha zahanati moja huku Pasiansi, Wilhelmina amekaa mkekani, roho juu. Mbele yake yuko Kija, binti wa miaka minne ambaye hajatamka neno hata moja. Wazazi wake wamebanana kwenye benchi.

Baba mtu, Masalu, mkulima wa pamba kutoka Magu, ameshasema wazi: kesho anakuja mzee wa kumkata mtoto chini ya ulimi. Wanaamini ulimi umefungwa, ukikatwa maneno yatatoka. Wembe umeshanunuliwa.

"Huo wembe unaninyima usingizi," anajisemea Wilhelmina moyoni. Mwaka juzi, 1994, aliletewa mtoto aliyekatwa hivyo, damu imekataa kukauka. Hakumwahi, mtoto akafa.

Kazi yake ni kupima kama mtoto anaweza kujifunza lugha. Walikuwa watatu, wawili wakapunguzwa kazini, akabaki peke yake na watoto kama arobaini kwa mwezi. Na tangu watu waanze kuchangia gharama za matibabu, wengi humfikia wakiwa wameshazunguka kwa waganga wote. Utawalaumu? Mfa maji haachi kutapatapa.

Hamuulizi Kija anajua nini. Kwao wanaongea Kisukuma, na mtoto aliyelelewa vizuri hamjibu mtu mzima mgeni. Hutazama chini akanyamaza. Ukimpima kwa maswali utamwita bubu bure. Wilhelmina humfundisha kitu kipya palepale, aone kama kitashika.

Anatoa vyuma viwili vya cherehani mbovu ambavyo mtoto hajawahi kuviona. Kimoja anakiita bideko, kingine lumasi, majina aliyoyatunga mwenyewe. Anacheza navyo, anavitaja tena na tena, kisha anaomba bideko.

Kija anampa lumasi. Masalu anasonya.

Wilhelmina anaanza upya, taratibu. Anaomba tena. Safari hii Kija anampa bideko, kisha lumasi. Wanapumzika, mtoto anakunywa uji, wanarudi mkekani. Bado anavijua vyote viwili. Mama yake anajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ameokota tu," anasema Masalu. "Hajasema."

Wilhelmina anawaeleza kwamba mtoto anasikia na anashika. Ulimi ameukagua, unatoka nje ya midomo bila taabu. Anachohitaji ni kuongeleshwa kila siku, na subira. Wakimkata, watamfanya aogope hata kufungua mdomo.

Masalu anakuna kichwa. Kinachomtisha sasa ni aibu, maana mtu mzima akishaitwa harudishwi njiani hivi hivi.

"Mzee nimeshamwita, mama. Nitamwambia nini?"

"Mwambie mtoto ana mtihani kwangu Jumatatu, na mtihani wenyewe unataka ulimi mzima."

Masalu hakubali wala hakatai. Anaaga kwa heshima, wanaondoka kuelekea Buzuruga kutafuta basi la Magu. Wilhelmina anasimama mlangoni mpaka wanapotea, kisha anarudi mkekani kuokota vyuma vyake.

Ana mpango wa kwenda mwenyewe Magu, akae na akina mama na hao wazee wa wembe, wazungumze bila kutukanana. Lakini leo matumaini yake hayafiki mbali hivyo.

"Jumatatu siombi aje anaongea," anajisemea. "Naomba afungue mdomo, nikute hakuna kidonda."