Barua Ambayo Amoding Alikataa Kuitia Sahihi

Amoding hakuwa mtu wa magomvi. Miaka minane ya kuishi kambini, akimfuata mumewe Koplo Ojara kila alikohamishwa, ilikuwa imemfundisha kumeza maneno. Mwaka 2014 Ojara alipoletwa upande wa Bwera, magharibi mwa Uganda karibu na Kongo, mkewe alipata kazi katika chuo kidogo cha wauguzi cha mtu binafsi kilichokuwa kwenye njia ya kwenda mpakani. Alikuwa muuguzi mwenye diploma, tena amesomea ualimu. Alipewa somo la dawa, na pamoja na somo akapewa daftari.

Daftari hilo ndilo lililokuwa mwalimu hasa. Mkuu wa chuo, Bwana Zedekiah, aliliandika mwenyewe zamani, na kila aliyefundisha dawa alitakiwa kulisoma mbele ya darasa neno kwa neno, wanafunzi wakinakili. Jioni ungewasikia nyuma ya bweni wakilikariri kwa sauti moja. Mtihani wa chuo ukija waliandika yaleyale, mpaka makosa ya tahajia ya Bwana Zedekiah, na wakafaulu.

Wiki ya tatu Amoding aliweka daftari mezani, akawauliza kwa Kiswahili chake cha kambini, "Dawa iko kwenye kichupa. Ukiongeza maji, dawa imezidi, imepungua, ama iko vilevile?"

Wanafunzi arobaini na wawili walitazamana. Mwishowe mmoja akasema kwa adabu, "Madamu, hiyo haimo kwenye noti."

Amoding alirudi nyumbani siku hiyo amenuna, Ojara akadhani ameugua. Hawa walikuwa watu wazima waliobakiza mwaka mmoja kuanza kuchoma watoto wa wenzao sindano.

Kesho yake alikuja na chumvi, glasi na jagi. Alitia kijiko kimoja katika glasi ya maji na kijiko kimoja katika jagi la maji, akawaita waonje. Kisha akauliza chumvi nyingi iko wapi. Nusu ya darasa ilinyoosha mikono kwa ajili ya glasi. Msichana mmoja, Naswiba, akatikisa kichwa. Baba yake, Hamuza, alikuwa akisafirisha chumvi kwa lori kutoka Kabatoro, na binti alikulia juu ya magunia.

"Chumvi ni ileile, madamu," alisema. "Kijiko ni kimoja. Maji ndiyo hayalingani."

"Basi nikitaka nusu ya kijiko kutoka kwenye glasi?"

"Unakunywa nusu glasi. Na kwenye jagi, unakunywa nusu jagi."

Amoding aliona nyuso zikifunguka, moja baada ya nyingine, na mtu wa nyuma akacheka peke yake kwa kuelewa. Walikuwa bado wanabishana kwa furaha Bwana Zedekiah alipotokea mlangoni.

"Mwalimu, hapa si jikoni," alisema. "Ulipaswa kuwa ukurasa wa kumi na tisa."

Ofisini alimweleza kwa upole kwamba wazazi wanataka watoto wafaulu, si waonje chumvi, na kwamba walimu wenye diploma ni wengi. Amoding alifikiria wanawe wawili na mshahara wa koplo. Akarudi darasani akafungua ukurasa wa kumi na tisa. Hilo hakujisamehe kamwe. Kwa muda wa mwaka mzima alisoma daftari la watu kwa sauti yake mwenyewe.

Katika daftari hilo kulikuwa na sentensi kuhusu artesuneti, dawa ya malaria kali. Ilisema mtoto wa kilo kumi apewe mililita tatu. Haikusema zaidi. Sasa, dawa hiyo ni unga ndani ya kichupa. Ukitaka kuidunga kwenye mshipa unaichanganya iwe mililita sita. Ukitaka kuidunga kwenye paja, mililita tatu tu. Mtoto wa kilo kumi anahitaji nusu ya kichupa, basi. Mililita tatu ni sawa kwa mshipa. Kwa paja ni kichupa kizima, dozi mara mbili.

Mwaka 2015 swali hilo lilikuja katika jaribio: mtoto wa kilo kumi, sindano ya paja. Naswiba alipiga hesabu akaandika mililita moja na nusu. Mwongozo wa kusahihisha uliotoka ofisini ulisema tatu. Amoding alishika kalamu nyekundu kwa muda mrefu. Kisha akaandika sifuri.

Miezi miwili baadaye Naswiba alikuwa kwenye mazoezi katika kituo kimoja cha afya upande wa Nyakiyumbu. Muuguzi wa zamu alichanganya dawa ya sindano ya paja, akamwambia avute dozi ya mtoto wa kilo kumi. Naswiba akavuta. Muuguzi aligeuka, akaona kichupa kitupu, akamnyang'anya bomba la sindano kabla halijamfikia mtoto. Mtoto hakupata dhara lolote. Lakini kituo kiliandikia chuo, na Bwana Zedekiah akaita kikao.

Hamuza alikuja moja kwa moja kutoka barabarani, shati lake likiwa na weupe wa chumvi mabegani. Barua ilikuwa tayari imepigwa chapa: mwanafunzi amepuuza mafundisho ya chuo, anafukuzwa. Ilisubiri tu sahihi ya mwalimu wa somo.

"Mimi sikusoma," Hamuza alisema, "lakini huyu mutoto anajua kipimo tangu iko mudogo. Naomba munieleze, alikosa wapi?"

Naswiba alikuwa ameketi kando yake. Amoding akamgeukia Naswiba. "Ulijua kwamba ni moja na nusu?"

"Nilijua, madamu."

"Kwa nini ukavuta tatu?"

Msichana alitazama sakafu. "Mara ya kwanza niliandika ninachojua nikapata sifuri. Niliogopa kufeli tena."

 Amoding alitoa karatasi ya jaribio mkobani, akaiweka juu ya barua.

"Hakupuuza mafundisho," alisema. "Aliyafuata. Kama angeyapuuza, asingekosea. Hii sifuri ni mwandiko wangu, na hiyo tatu ni ya kwako, mkuu. Mimi siweki sahihi."

"Fikiria kazi yako, mwalimu."

"Niliifikiria mwaka mzima. Ndiyo imetufikisha hapa."

Bwana Zedekiah aliitazama karatasi, akamtazama Hamuza, ambaye sasa alikuwa amesimama. Mtu huyo alijulikana na kila mfanyabiashara kutoka Kasese hadi Mpondwe, na maneno husafiri na lori. Barua ikachanwa, Naswiba akabaki chuoni. Ijumaa yake Amoding akapewa barua nyingine, iliyosema kwamba amekiri uzembe katika kusahihisha, na huduma yake haihitajiki tena. Kombe likafunikwa.

Alipata kazi ya uuguzi wa kawaida katika kituo kilekile cha Nyakiyumbu. Muhula uliofuata Naswiba alimtembelea, akamwambia daftari limerekebishwa. Amoding aliuliza limerekebishwaje.

"Tatu imekatwa kwa kalamu, madamu. Imeandikwa moja na nusu."

"Wameeleza kwamba ni ya paja? Ya mshipa je?"

"Hapana. Ni namba tu."

Amoding alichukua karatasi na kalamu. Walikuwa wamefuta kosa moja wakaandika lingine, sasa wa kupewa nusu ya dozi ni yule wa mshipa, yule aliyezidiwa zaidi. Aliandikia ofisi ya afya ya wilaya. Hakujibiwa, akaandika tena. Kufikia mwaka 2018 alikuwa ameshapeleka barua nne.

Wanafunzi wa mazoezi wakifika kituoni huanza naye. Wiki iliyopita alikuja msichana aitwaye Kabugho, amenyooka kama yuko paredi, akakariri, "Kilo kumi, mililita moja na nusu."

"Kwa nini?" Amoding aliuliza.

Msichana alifungua daftari. Amoding akaweka kiganja juu ya daftari, akavuta viti viwili, akamwambia akae, kwa kuwa hapa hakuna anayeharakishwa.