Vitambaa Vyekundu Kwenye Mikaratusi

Nikisema njia ya mbio za mji wetu ni yangu, watu wa Gisenyi hunicheka, lakini hawanikatalii. Wanajua nimeitembea kabla ya mtu yeyote kuikimbia. Tangu niliporudi kutoka Karagwe na mke wangu, vitanda viwili na cheti changu cha sekondari, kazi yangu ilikuwa kufuata mabomba ya maji kwa miguu, kutoka kwenye vyanzo vya milimani hadi mabomba ya mitaani, nikitafuta panapovuja. Bomba halifuati barabara. Linakatiza kwenye migomba ya watu, linapita nyuma ya kanisa, linavuka kijito mahali ambapo mwenye akili zake angezunguka. Kwa hiyo nilipostaafu nilikuwa na magoti mabovu mawili, na vijia vyote vya milima hii viko kichwani mwangu.

Ndiyo maana kamati ya mbio ilipotaka njia, ilikuja kwangu. Mwenyekiti wake ni fundi cherehani wa pale sokoni, mtoto wa familia ya zamani ya Waislamu wa mjini. Alikuja na tepu yake ya kupimia nguo bado iko shingoni.

"Muzee," alisema, "tunataka njia yenye itafanya mugeni asahau kama anachoka."

Nikampa hiyo. Inaanzia ufukweni, inaelekea kusini, ziwa likiwa mkono wa kulia. Inavuka daraja la Sebeya, mto ambao mvua ikinyesha hubadilika rangi ukawa kama chai ya maziwa. Inapita Rubona, ambako mitumbwi hufungwa mitatu mitatu na miti mirefu imetokeza mbele na nyuma, na akina mama wanaanika sambaza, vidagaa vya ziwa hili, juu ya meza za nyavu. Inafika Nyamyumba, kwenye maji ya moto, ambako kila siku utakuta wazee wenzangu wamezamisha miguu wakibishana. Hapo inaliacha ziwa na kupanda. Migomba kwanza, kisha maharage, kisha mikaratusi mitupu, yenye harufu ile inayofungua kifua. Juu kabisa unageuka, na ziwa lote liko chini yako, na mabati ya Goma yanang'aa ng'ambo, na volkano imevaa wingu lake. Nimeona mkimbiaji akisimama pale katikati ya mashindano, mikono kiunoni, akitazama tu. Nilijisikia kama vile ziwa nimelichimba mimi.

Mbele kidogo ya hapo kuna njia panda. Kijia cha kushoto kinashuka hadi darajani na kurudi mjini. Cha kulia kinashuka upande wa Kanama, kinaingia barabara kuu ya lami, nayo inazunguka kwa mbali kabla ya kufika ufukweni. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Mwaka ule, sasa ni miaka mitatu, fundi alinipa vipande vya kitambaa chekundu vilivyobaki kwenye kazi zake nivifunge mitini, na mimi nikabeba ndoo ya majivu ya kuchorea mishale chini. Mbio zilikuwa Jumapili. Niliweka alama Ijumaa. Ningeweza kungoja Jumamosi mchana, lakini nilitaka watu waone kwamba mzee anamaliza kazi yake mapema. Nilitembea siku nzima. Kwenye njia panda nilifunga vitambaa vinne, nikachora mshale mkubwa wa kwenda kushoto, nikarudi nyumbani nikijipongeza.

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho wa mwezi, maana yake ni siku ya umuganda. Asubuhi kila mtu anatoka kwenye mtaa wake na jembe, panga au ufagio, tunasafisha pamoja, halafu tunakaa kwenye mkutano. Nimefanya umuganda tangu niliporudi nchini. Siwezi kusema sikujua siku yake. Niliisahau tu, kwa sababu nilikuwa najifikiria mimi.

Nilikumbuka nilipomwona jirani yangu, mama mmoja muuza mkaa, akifagia mshale wangu mbele ya lango langu mwenyewe.

"Mama, huo ni mshale wa mbio!"

"Eh! Mi nilizani ni mutu amemwanga majivu ya jiko. Na wageni wanakuja kesho! Bon, utachora ingine, Papa. Mikono si iko?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mchana nilichora upya ile ya mjini. Lakini pale pale, nikiwa na ndoo mkononi, nilielewa: kama wamefagia hapa, basi wamefagia kila mahali. Milima ile yote nayo ilikuwa na mapanga na mafagio asubuhi ile. Nilitazama mlima, nikayasikiliza magoti yangu, nikajiambia kwamba juu kule hakuna anayefagia msituni. Jioni kamati ilipouliza, nilijibu kwamba njia iko tayari.

Jumapili nilikaa ufukweni kwenye kiti cha wageni wa heshima. Wanaume walikuwa wameshafika, nasi tulikuwa tunawangoja wanawake watokee upande wa daraja. Badala yake kelele zilianzia nyuma yetu, upande wa barabara kuu. Mwanamke mmoja alikuwa anakuja peke yake, amevaa viatu vya plastiki na kitenge kilichofungwa juu ya magoti, anakimbia kama mtu aliyetumwa. Nilimfahamu kwa sura. Ni mkulima wa Kanama, anayeleta viazi vyake kuuza karibu na mpaka. Alikata utepe akiwa wa kwanza. Wa pili alitokea darajani, na hakuwa amemaliza hata kupumua akaanza kupiga kelele.

"Huyu ametoka wapi? Mimi sijamuona tangu kule juu! Amekata njia!"

Wakimbiaji wengine, wanaume kwa wanawake, karibu wote ni watu wa mjini, wamefanya mazoezi kwenye njia ile mwezi mzima, hawakuhitaji alama; wageni wachache waliwafuata wao. Mwanamke wa Kanama alikuwa na mashamba na viazi, hakuwahi kuja mazoezini. Alifika kwenye njia panda akiwa mbele ya wanawake wote, hakuona kitu, akachukua kijia anachokijua, cha kwao.

Fundi alimwita, akaniita na mimi.

"Alama hazikukuwa," mwanamke alisema. Jasho lilikuwa linadondoka kidevuni. "Mi nilisimama pale. Niliangalia. Hazikukuwa."

"Muzee," fundi akanigeukia, "alama zilikuwa?"

Watu wote walinitazama. Nilikuwa na beji ya kamati kifuani.

"Niliziweka kwa mkono wangu," nilijibu. "Hakuangalia vizuri."

Sentensi ya kwanza ilikuwa kweli, nami nimejificha nyuma yake miaka mitatu. Wakamfuta. Baiskeli ya mshindi akapewa yule wa pili. Mwanamke wa Kanama hakulia wala hakugombana; alifungua kitenge chake, akakifunga upya hadi chini, akaondoka kwa miguu kuelekea Kanama.

Jumatatu nilipanda mlima, polepole, nikipumzika kila kona. Njia panda ilikuwa safi kama sebule. Hakuna kitambaa hata kimoja, hakuna majivu, nyasi zimefyekwa pande zote. Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia hapo karibu alinisalimia kwa fahari.

"Umeona tulivyowasafishia wakimbiaji wenu? Hata yale matambara yaliyotupwa kwenye miti tuliyatoa yote. Aibu ingekuwa yetu."

Nilimshukuru.

Ningeweza kushuka siku hiyo hiyo na kusema ukweli. Nilijiambia baiskeli imeshatolewa. Kisha nikajiambia watu wamesahau. Lakini watu hawakusahau. Pale anapouza viazi walimpa jina: Njia-Fupi. "Njia-Fupi, leo viazi umevipitisha wapi?" Nililisikia kwa masikio yangu, nikapita upande wa pili wa barabara. Na mimi, kuliko mtu mwingine yeyote wa mji huu, nilijua kwamba barabara aliyoipita ni ndefu kuliko kijia changu, ndefu kwa mbali. Nimepita kote na mabomba. Mwanamke yule alikimbia umbali mrefu kuliko wote siku ile, na bado alifika wa kwanza.

Hakukimbia tena. Mwaka uliofuata hakuja, na uliofuata tena hakuja.

Mwaka huu fundi alikuja kuniomba njia ndefu zaidi, kwa wakimbiaji wenye nguvu, ile ya zamani ibaki kuwa ya wengine. Alipokuwa ananiambia kwamba bila mimi mbio hizi zisingekuwapo, nilishindwa kuendelea kumsikiliza. Nilimwambia yote, kuanzia ufagio wa jirani yangu. Alivua tepu shingoni, akaikunja, akaikunjua.

"Donc ulijua tangu siku ile ile."

"Nilijua."

"Na mi njo nilimufuta kwa mudomo wangu." Alirudisha tepu shingoni. "Enda umwambie yeye kwanza. Njia tutaongea kisha."

Nilimkuta ameketi nyuma ya viazi vyake, anachagua vikubwa anaviweka juu. Aliniona, akaendelea kuchagua.

"Papa, unakuja kununua ao unakuja kupima njia?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama." Nikamwambia. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu nikichuchumaa siinuki bila msaada. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"Vitambaa vilikuwa na rangi gani?" aliuliza.

"Vyekundu."

"Vyekundu," alirudia. "Miaka tatu nilikuwa naota nyeupe. Nilikuwa nasema, pengine ilikuwa nyeupe, pengine ukungu uliificha. Bwana yangu aliniambia, we ulichoka tu, macho ilikuchezea. Nilianza kuamini hivyo." Alichukua kiazi kilichokatwa na jembe, akakitupa pembeni. "Papa, kuniambia mi peke yangu haitoshe. Mi nilikuwa pale. Ambia wale wenye wanacheka."

"Nitawaambia wapi?"

"Kwetu. Kanama. Siku ya umuganda, wakati watu wote wako. Na ukuje na jembe, usikuje na mudomo tupu."

Nilikwenda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule nilipanda basi dogo asubuhi nikiwa na jembe langu, mtu wa mjini anayekwenda kufanya umuganda wa wengine. Tulizibua mfereji kando ya barabara. Walinipa sehemu ya tambarare na wakanitania: "Muzee, polepole, jembe haiko bomba!" Kulipoitishwa mkutano, watu walikaa kwenye majani, nami nikaomba ruhusa ya kusema. Nilizungumza Kinyarwanda, lugha ya nyumbani, ili hata vikongwe wasikose neno. Nilisema kwamba alama hazikuwepo, kwamba nilijua, kwamba niliulizwa mbele ya watu nikamtupia yeye kosa langu. Nilisema pia urefu wa njia aliyopita, mahali kwa mahali, daraja kwa daraja, kama nilivyokuwa nikiandika ripoti za mabomba.

Kisha mzee wa rika langu akauliza kwa nini mtu aliyesoma sekondari aliweka alama kabla ya umuganda. Kicheko kilichotoka pale, nadhani kilisikika hadi ziwani. Nilikistahili. Muuza viazi alikuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake. Hakucheka. Alikuwa anawatazama wanaocheka, mmoja mmoja, akihesabu wale waliokuwa wakimwita lile jina.

Siku hiyo hiyo, niliporudi mjini, nilimpendekezea fundi njia ndefu mpya, naye akaridhia. Inafuata yangu hadi njia panda, halafu inakwenda kulia: inashuka hadi upande wa Kanama, inashika barabara kuu katikati ya mashamba ya viazi, inateremka na Sebeya hadi mjini. Ni njia aliyoikimbia yeye. Ni nzuri kuliko yangu. Nasema hivyo bila kuumia. Nilikuwa nimeitembea maisha yangu yote nikitazama chini, nikitafuta unyevu.

Mwezi uliofuata, alama tuliziweka Jumamosi mchana, baada ya umuganda, na waliozifunga ni wale wale waliofyeka. Bibi wa njia panda alifunga vitambaa vingi hata mti ukawa kama bibi harusi. Bado sikuuamini. Jumapili alfajiri nilipandishwa kwa pikipiki hadi ilipokomea, nikamalizia kwa miguu, nikaweka kigoda changu katikati ya njia panda.

Wanaume walipita kwanza. Kisha nikaona kitenge. Safari hii alikuwa na viatu vya mbio, na mbele yake alikuwapo msichana mmoja tu, mwembamba, nusu ya umri wake. Nilisimama na ndevu zangu nyeupe, nikanyoosha mkono kulia.

"Papa!" alipaza sauti bila kupunguza mwendo. "Leo alama imeota ndevu!"

Akapita, akazama kwenye mikaratusi. Nilisikia nyayo zake zikishuka upande wa kwao, halafu, kwa chini, sauti za watu wa Kanama waliosimama kando ya barabara. Walikuwa wanaliita lile jina, Njia-Fupi, Njia-Fupi, lakini safari hii walikuwa wanaliimba.

Nilibaki pale mpaka mkimbiaji wa mwisho alipopita, bwana mnene aliyeniomba maji. Niliposhuka mjini jua lilikuwa juu. Fundi alinionyesha daftari la matokeo kabla sijauliza. Mwanamke wa Kanama alikuwa wa pili. Msichana yule hakushikika. Lakini fundi alikuwa amefungua pia daftari la miaka mitatu iliyopita, kwenye ukurasa wa wanawake, na juu ya mstari uliokuwa umekatwa kwa wino alikuwa ameandika upya jina la mwanamke yule, kwa mwandiko wa polepole wa mtu anayechora kitambaa kabla ya kukata. Nafasi ya kwanza. Chini yake aliacha mahali, akanipa kalamu.

"Weka sahihi, muzee. We njo ulikuwa mwenye alama."

Niliweka.